Ziara Isiyohesabiwa

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Nadai jambo moja, na nitalitetea hadi wino uishe: azimio ambalo baraza lenu litalipigia kura tarehe ishirini ni jema kwa hewa na ni dhuluma kwa watoto, na jema linalosimama juu ya mgongo wa mtoto haliwezi kuitwa jema.

Shikamoo, Shangazi. Nimetanguliza hoja kabla ya salamu, lakini jina la Bwana Hoja ulinipa wewe mwenyewe nikiwa sijaota meno yote, kwa hiyo lawama tugawane.

Rasimu ya azimio nimeisoma gazetini hapa kwenye kituo cha hali ya hewa, katikati ya kupima mvua ya jana na kusubiri ya leo. Inasema kwamba kuanzia tarehe mosi Aprili hakuna injini ya mafuta itakayopita katika barabara inayopanda mlimani kupitia msitu wa chanzo cha maji. Basi la dizeli litaondolewa, pikipiki zitazuiwa, na basi la umeme litaletwa "hali itakaporuhusu". Juu ya msitu sina ugomvi. Nimesomea mambo hayo, na najua mafuta yanayovuja kwenye barabara ile huishia ndani ya vikombe vyenu vya chai. Ugomvi wangu ni na hayo maneno mawili ya mwisho. Ni kabati ambamo serikali zote duniani huhifadhi ahadi ambazo hazikusudii kuzivaa.

Juu ya mlima ule kuna nyumba moja tu yenye watu: makao ya watoto. Makao ni ya baraza. Watoto wamo humo kwa amri iliyoombwa na baraza. Wazazi huruhusiwa kuwaona Jumamosi, na ziara huhesabiwa tu ikiwa mzazi ameingia getini kabla ya saa tatu asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo watoto huingizwa ukumbini kwa masomo ya ziada. Mzazi akikosa ziara tatu mfululizo, kamati ya ustawi ina mamlaka ya kumtangaza mtoto kuwa hana mtu, na kumkabidhi kwa familia nyingine, mbali, moja kwa moja. Sheria hizo mbili, ya ziara na ya barabara, zimetungwa katika jengo moja, Shangazi, pengine kwa kalamu moja. Ya kwanza inamwambia mama afike. Ya pili inamwondolea njia.

Namfahamu mama mmoja ambaye hufanya kazi usiku kucha, hutoka alfajiri na kupanda basi hilo akiwa bado na aproni. Jina lake sikutajii, kwa sababu haki haihitaji jina la mtu ili iwe haki. Nakuomba usimame kikaoni upinge, tena kwa sauti, kama ulivyonifundisha kusimama.

Mpwa wako,
Bwana Hoja


Jumamosi, 8 Machi

Bwana Hoja,

Marahaba. Umeniandikia kurasa nne, nami miwani yangu imepasuka kioo kimoja, kwa hiyo nusu ya hekima yako nimeisoma kwa jicho la kushoto tu. Ikiwa kuna hoja nimeikosa, ni ya upande wa kulia.

Kwanza nikukumbushe. Mwaka jana ulipokuja likizo ulijaza meza yangu ya chakula chati za moshi wa dizeli, hata mjomba wako, mume wangu, akala siku tatu amesimama kama askari wa zamu. Chati hizo nilizibeba mwenyewe hadi kwenye kamati. Wenzangu walizipenda. Azimio unalolipiga mawe leo lina alama za vidole vyako, mwanangu, na ukilitazama vizuri utaona na mchuzi wa mezani kwangu.

Pili, kuhusu huyo mama. Umefanya vyema kutonitajia jina lake, na usinitajie. Nisikilize vizuri hapa, kwa masikio yote mawili. Yapo mambo ambayo diwani akishaambiwa humfunga mikono. Niache nisiyoambiwa nibaki sikuambiwa.

Tatu, kupinga kwa sauti ni kazi rahisi. Hata mlango usiotiwa mafuta hupinga. Mimi nazunguka nyumba hadi nyumba. Naomba kitu kidogo: barabara isifungwe mpaka basi la umeme liwe limefika na kuegeshwa mbele ya macho yetu. Wapo waliokubali, wapo wanaokuna vichwa. Tukiwa wote chumbani siku hiyo, ombi langu linapita kwa upana wa uzi. Akikosekana mmoja, uzi umekatika.

Kwa hiyo usiandike popote. Nakujua, gazeti ukiliona vidole vinakuwasha. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Dada yako hajambo? Siku hizi akipita mtaani kwangu hupita upande wa pili wa barabara, tena akiwa na haraka. Mwambie nimemuulizia, na kwamba mlango wangu haujahama.

Shangazi yako


Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya gunia la unga. Imejaa akili. Mimi nataka basi tu.

Nakusihi kwa mara nyingine, Shangazi asijue. Najua unasema aibu ni kitu kilichobuniwa na watu. Hata viatu vilibuniwa na watu, na bila hivyo huwezi kutoka nje. Wewe ulikuwepo kwenye harusi yangu. Alisimama mbele ya wageni wote akasema ukoo wetu haujawahi kumtoa mtoto nje, kwamba hata mtoto wa jirani akilia kwetu hula. Nimemwambia Chiriku yuko shule ya bweni. Nitamtazamaje nikimwambia kwamba binti yangu analelewa na baraza analokaa yeye?

Ulikuwa mbali, kwa hiyo acha nikueleze mara moja, tusirudie tena. Nilikuwa namlaza, nafunga mlango kwa nje, naenda zamu. Usiku ule aliota vibaya akaamka akalia, akalia sana, jirani akagonga, hakuna wa kufungua. Akawapigia simu watu wa ustawi. Simlaumu. Mimi pia ningepiga.

Sasa sikiliza habari njema, ndiyo maana nakwambia tunyamaze. Msimamizi wa kiwanda ameniahidi zamu ya mchana kuanzia Mei. Afisa ustawi amesema kamati itakaa mwisho wa Aprili, na ikiwa nina kazi ya mchana na ziara zangu hazina pengo, Chiriku atarudi nyumbani. Unaona? Kilichobaki ni Aprili tu. Mwezi mmoja. Nikiuvuka huo nimevuka.

Jumamosi iliyopita alinikuta nasinzia kwenye benchi la wageni. Akaniamsha kwa kunivuta sikio, akauliza kama nikija nimelala nahesabiwa vilevile. Watoto wote wa pale wanajua kuhesabiwa. Nilimwambia nahesabiwa hata nikikoroma. Akacheka, akasema atamuuliza mlezi kuhakikisha. Zamani alikuwa haachi kusema tangu anapofumbua macho, ndiyo maana tukamwita Chiriku, unakumbuka. Siku hizi anasema kidogo, halafu ananitazama kama anapima ikiwa nimebaki.

Usimwambie Shangazi. Niahidi.

Dada yako


Ijumaa, 14 Machi

Shangazi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikitafuta ndani yake mwanamke aliyewahi kusimama mlangoni kwa mwenye nyumba akiwa na jembe mkononi kumtetea mpangaji asiyemjua. Sikumpata. Nilimkuta mwanasiasa anayeomba asiambiwe. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba yapo mambo usiyotaka kuyajua. Nimekuwa nikilitafakari neno hilo kazini, vipimo vya mvua vikinipita, na nimefikia uamuzi kwamba kutojua kwa makusudi ni namna ya kupiga kura.

Nilimwahidi mtu kwamba sitakuambia. Sikukuambia, wala sikuambii sasa. Lakini sikuahidi kutoliambia gazeti, na gazeti litatoka Jumatatu. Nakunakilia hapa aya moja, usije ukasema nilikuvizia:

"Waheshimiwa madiwani wanawazungumzia watoto wa mlimani kana kwamba ni mvua iliyonyesha kwa jirani. Napenda wajue kwamba mmoja wa watoto hao ni mjukuu wa diwani aliyeketi katika baraza hilohilo, damu ya damu yake, na kwamba mama yake atapoteza njia ya kumfikia kwa kura itakayopigwa Alhamisi. Je, atainyamazia? Mimi ni ndugu wa mama huyo, na nimetia jina langu chini ya barua hii bila hofu."

Huo ndio ukweli, na ukweli hauwezi kudhuru jambo la haki. Sasa unajua, mji unajua, na huna tena pa kujificha. Nategemea utasimama.

Mpwa wako


Ijumaa, 21 Machi

Bwana Hoja,

Nimesimama kama ulivyotaka. Nilisimama, nikachukua mkoba wangu, nikatoka nje.

Sijui kama huko chuoni mlifundishwa kanuni za mabaraza. Diwani mwenye ndugu anayeguswa na jambo linalojadiliwa hutoka chumbani na hapigi kura. Ni kanuni nzuri. Niliiunga mkono mimi mwenyewe, kwa sababu ya mwenzetu aliyekuwa akipeleka kila bomba la maji kwa shemeji yake. Mwenyekiti alikuja na gazeti lako limekunjwa kwapani. Hakufoka. Aliliweka mezani, akalinyoosha kwa kiganja, akaniuliza mbele ya wote, "Mheshimiwa, mtoto huyu ni wa damu yako?"

Ningeweza kusema sijui. Wiki moja kabla ningesema hivyo na nisingekuwa nimeongopa sana, kwani hakuna aliyeniambia. Lakini wewe ulitia jina lako, na mji mzima unajua aliyekulea. Nikasema ndiyo. Akanionyesha mlango, kwa heshima, hata akaniinukia.

Nilikaa kwenye benchi la korido karibu na ndoo ya maji ya kunywa. Milango yetu ni myepesi, unasikia kila kikohozi. Marekebisho yangu yalisomwa na mwenzangu mmoja kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya kaburini. Kura zikalingana. Mwenyekiti akaongeza ya kwake, upande wa kufunga. Barabara inafungwa tarehe mosi, na basi linaondoka siku hiyohiyo.

Sasa nikwambie uliyokuwa huyajui, maana mimi sina ahadi ya kuvunja. Nilijua tangu Januari. Tulikwenda makao kukagua paa, nikamwona Chiriku uani akiwafundisha wenzake kuruka kamba, na kuwakosoa. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, mimi mtu mzima, diwani, nikabana pumzi ili asiniite bibi mbele ya wakaguzi. Kuanzia siku ile kila Jumamosi alfajiri nilisimama dirishani kwangu nimtazame dada yako akipita upande wa pili wa barabara kwenda kituoni. Nilitaka kumwita. Nikajiambia, nikimwita atanieleza, akinieleza nitakuwa nimeambiwa, na nikishaambiwa sina kura. Nikaona bora nimpe kura kwanza, kumbatio lingefuata. Hilo ndilo nililokuandikia kwa mafumbo, nikidhani msomi hahitaji kutafuniwa.

Nilikosea na mimi. Ningekutafunia.

Sikukasirikii kama unavyodhani. Nimekasirika, ndiyo, hata chai ya asubuhi niliitia chumvi, mjomba wako akainywa kimya kwa kuogopa kuuliza. Lakini maji yamemwagika. Leo nakwenda kwa dada yako. Kanuni hainizuii tena kubisha hodi.

Shangazi yako


Jumapili, 13 Aprili

Mdogo wangu,

Umeandika mara tatu na sikukujibu. Sikuwa nakuadhibu. Nilikuwa natembea.

Siku ile gazeti lilipotoka, kiwandani walinipisha njia nilipoingia. Mmoja akanisogezea kiti. Nilitamani afadhali wangenicheka. Kisha Ijumaa jioni Shangazi akaja, akaketi kidogo, akainuka. Aliosha vyombo vyangu vyote, hata visafi. Alipomaliza akaniuliza Jumamosi natoka saa ngapi.

Tangu hapo hatujafichana kitu, na hilo, ukitaka ujue, ndilo zuri pekee lililotoka katika barua yako. Nakuandikia hili ili usiendelee kujipiga. Lakini nakuandikia na mengine pia.

Jumamosi mbili za Machi basi lilikuwa bado lipo, nikafika. Jumamosi ya tarehe tano nilitembea. Nikitoka zamu mikate lazima iwe imekwisha kupakiwa, siwezi kuondoka kabla, na kutoka kiwandani hadi mlimani kwa miguu jua linachomoza ukiwa njiani na kupanda ukiwa bado njiani. Usiniambie baiskeli. Sijui kuiendesha, na mlima ule hata anayejua huishia kuisukuma. Nilifika watoto wamekwisha kuingia ukumbini. Mlezi wa getini alinipa maji, akaniambia pole, hakuandika. Ya kwanza hiyo.

Jana Shangazi alikataa niende peke yangu. Msimamizi aliniachia mapema kidogo, tukapiga mwendo. Alikuja na mwavuli, viatu vya mpira vya mjomba, na maneno mengi ya kunichekesha. Tulipofika kona zile tatu magoti yake yakagoma. Nikamshika mkono nikamvuta, akawa anasema nimwache nitangulie, mimi nikawa simwachi, na kila mmoja wetu alijua kwamba tunakula dakika.

Hapo tukasikia gari nyuma yetu. Lilikuwa gari la baraza, la mafuta. Ndani alikuwa afisa ustawi, yule yule anayekuja kuhakikisha ziara zinaandikwa sawasawa. Akapunguza mwendo akateremsha kioo. Si mtu mbaya. Macho yake yalikuwa yanatafuta mahali pa kutua. Nikamwomba atupandishe. Akasema kibali cha gari lake kupita msituni ni cha shughuli rasmi tu, kimebandikwa hapo kwenye kioo, na akimpandisha mtu ambaye hayumo katika shughuli rasmi atapoteza kazi.

Shangazi akaegemea mwavuli wake, akamwambia, "Binti yangu, huyu anakwenda kuhesabiwa na wewe. Ulidhani anakwenda harusini?"

Afisa alitazama kibali chake pale kiooni. Injini iliunguruma, na moshi ukawa unatuingia puani. Kisha akapandisha kioo akaenda.

Tulifika mstari wa watoto ukiwa unaingia mlangoni. Chiriku alikuwa karibu na mwisho. Afisa alikuwa amesimama hapo getini, kalamu mkononi, na saa tatu ilikuwa imepita. Sijui kwa kiasi gani, sikutaka kutazama. Nikamwita mwanangu. Akageuka, akaniona, akamwona na bibi yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nilingoja aseme. Alitutazama tu, kama unavyotazama watu wanaopita, akageuka akaingia na wenzake.

Hakusema kitu, mdogo wangu. Chiriku hakusema kitu.

Hiyo ni ya pili. Jumamosi ijayo ndiyo ya tatu. Msimamizi amesema hawezi kuniachia mapema tena, na sina wa kumlaumu kwa hilo.

Sitaki hoja. Njoo tu.

Dada yako


Jumanne, 15 Aprili
Kwa Mwenyekiti wa Baraza na Waheshimiwa Madiwani wote
Nakala: ubao wa matangazo, kituo cha basi lililoondolewa, na gazeti

Waheshimiwa,

Nadai kwamba baraza lenu limemwamuru mwanamke mmoja afanye jambo na kumkataza kulifanya, kwa mihuri miwili ya ofisi moja.

Barua hii naiandikia chumbani kwa dada yangu, ambako nilifika jana. Amelala nyuma yangu na viatu vyake miguuni. Mtaikumbuka barua yangu ya mwezi uliopita, iliyoandikwa kwa ufasaha mkubwa, ikamwondolea mtoto wa dada yangu kura moja aliyokuwa nayo. Kanuni iliyomtoa shangazi yangu chumbani ni ya haki, na yeye mwenyewe hataki niilaumu. Siilaumu. Siombi mfungulie moshi njia ya msituni. Hata nusu ya sababu mlizozitumia kuufunga ziliandikwa na mimi, na bado ni za kweli.

Ninalouliza ni dogo. Tarehe kumi na mbili gari la baraza lilipanda mlima ule kwa injini ya mafuta, kwa kibali cha shughuli rasmi. Shughuli yenyewe ilikuwa kuhakiki kama mama amefika. Mama alikuwa barabarani, mbele ya gari hilo, akimvuta mzee mwenye magoti mabovu, na akaachwa hapo kwa sababu yeye si shughuli rasmi. Kisha gari likafika kabla yake, likamwandika kwamba hakufika.

Ziara hiyo ni ninyi mlioiagiza, na ni ninyi mnaoipima. Kwa ziara hiyo mtaamua, mwisho wa mwezi huu, kama mtoto aliyekuwa hanyamazi na sasa hasemi atarudi kwa mama yake, au atapelekwa kwa watu asiowajua. Kama kuna jambo rasmi kuliko hilo katika mji huu, nitajieni.

Kwa hiyo naomba mjibu swali hili: mama anayepanda kumwona mtoto wake kwa ratiba ya baraza yumo katika shughuli rasmi, au hayumo? Ikiwa yumo, gari lile lile lina viti vitupu na linapanda Jumamosi hii. Wapandisheni, yeye na wazazi wenzake, mpaka basi la umeme lifike. Ikiwa hayumo, basi acheni kuzihesabu ziara zake, na msimwandike mtu kwa kutofika mahali msikompeleka.

Msinijibu kwa barua. Barua nimezipata za kutosha, na nimeona zinavyofanya kazi. Mna kikao cha wazi keshokutwa Alhamisi. Tutakuwepo, mimi, shangazi yangu kwenye viti vya wananchi kama mwananchi, na dada yangu mstari wa mbele. Atakuwa ametoka zamu, na huenda akasinzia. Simameni mjibu mbele ya watu, ndiyo au hapana, kwa sauti ya kutosha kumwamsha.

Mjomba wa mtoto